Nyimbo Zetu na Wenyewe: Haki ya Wimbo wa Kale katika Nchi ya Meru na Arusha

Hakuna jubilei ya usharika inayofanyika bila nyimbo, na hakuna kamati ya jubilei isiyofikia siku ya kuamua ni nyimbo zipi zitakazochapishwa katika kitabu cha ibada na zipi zitakazorekodiwa na kwaya ili zipate kuuzwa na kuchangia ujenzi. Siku hiyo ndipo swali huzuka: je, wimbo huu ni wa nani? Wapo wazee wa kanisa wanaojibu mara moja kwamba wimbo wa kanisa ni wa kanisa, na kwamba aliyeutunga aliutoa kwa Bwana wala hakuutoa kwa malipo. Jibu hilo lina heshima yake. Hata hivyo halimjibu mchapaji anayeuliza ni nini cha kuandika chini ya wimbo, wala halimtendei haki mtunzi ambaye jina lake limefutika kwa kuimbwa sana.

Katika eneo la Mlima Meru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu baadhi ya nyimbo za Kiswahili zinazoimbwa na Walutheri katika mabara mengi zilitoka hapa hapa, katika chuo kilicho kando ya barabara iendayo Moshi. Kulichunguza suala la haki ya nyimbo hizo ni kuisoma upya sehemu ya historia ya kanisa letu.

Wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri tarehe 20 Oktoba 1896, kabla hawajapata nafasi ya kufundisha wimbo wowote. Kazi ilianza tena Nkoaranga mwaka 1902, na mwaka 1904 ikafunguliwa Ilboru kwa ajili ya Waarusha. Waliokuja walileta nyimbo walizozaliwa nazo: korali za Martin Luther, za Philipp Nicolai, za Paul Gerhardt. Zikatafsiriwa kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili, zikafundishwa shuleni na katika madarasa ya ubatizo, mpaka vizazi vilivyofuata vikaziona kuwa ni za nyumbani kabisa. Bibi wa Kimeru aliyeimba korali ya Nicolai kwenye mazishi hakuwa akiimba wimbo wa kigeni. Alikuwa akiimba wimbo wa mama yake.

Kwa nyimbo hizo hesabu ya haki ni nyepesi, angalau kwa upande wa sauti. Luther alifariki mwaka 1546, Nicolai mwaka 1608, Gerhardt mwaka 1676. Hakuna sheria ya nchi yoyote inayolinda kazi za watu waliofariki zamani kiasi hicho. Vivyo hivyo kwa sauti ya wimbo wetu wa Taifa, ambayo Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliitunga mwaka 1897. Yeye alifariki mwaka 1905. Yeyote anaweza kuzichapa sauti hizo, kuzipigia tarumbeta, hata kuziwekea maneno mapya.

Maneno ya Kiswahili ni habari nyingine, na hapo ndipo kamati nyingi hujikwaa. Tafsiri ni kazi inayojitegemea. Mtu aliyekaa usiku kwa taa ya kibatari akitafuta neno la Kiswahili litakaloingia katika mizani ya Gerhardt ametunga kitu chake, na sheria humhesabia hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayotawala jambo hili katika nchi yetu, huilinda kazi ya mtunzi muda wote wa uhai wake, na tena miaka 50 baada ya kufa kwake. Tafsiri huhesabiwa kwa uhai wa mtafsiri, wala si kwa uhai wa Gerhardt. Wimbo mmoja kwa hiyo unaweza kuwa na sauti iliyo huru tangu karne nyingi na maneno ambayo bado yana mwenyewe.

Tatizo ni kwamba vitabu vyetu vya zamani vilikuwa vichoyo wa majina. Juu ya wimbo waliandika namba, pengine na jina la korali ya Kijerumani, basi. Wainjilisti na walimu Waafrika waliosaidia kutafsiri hawakutajwa, na mara nyingi hata mmisionari hakutajwa. Kwa kazi ambayo mtunzi wake hajulikani, sheria huhesabu miaka 50 tangu ilipochapishwa kwa mara ya kwanza. Kwa njia hiyo tafsiri isiyo na jina iliyochapishwa kabla ya Vita Kuu ya Pili imekwisha kuwa mali ya wote. Ni faida kwa mchapaji. Kwa mwanahistoria ni hasara, maana uhuru huo umepatikana kwa kumsahau mtu.

Hata sheria yenyewe haikuanza mwaka 1999. Wakati wa Waingereza ilikuwapo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1924, iliyofuata sheria yao ya mwaka 1911. Baada ya Uhuru Bunge likatunga yake mwaka 1966. Mwaka 1994 Tanzania ikaingia katika Mkataba wa Berne, unaozifanya nchi wanachama kulinda kazi za watunzi wa nchi nyingine. Chama cha Hakimiliki Tanzania, kinachojulikana kwa jina la COSOTA, kiliundwa kwa sheria ya 1999, na mwaka 2022 kikabadilishwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki. Wapo wanaodhani kwamba wimbo usioandikishwa huko hauna mwenyewe. Si hivyo. Haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, siku inapoandikwa au kurekodiwa. Kuandikisha husaidia kuthibitisha tu. Ukimya wa daftari haumaanishi ruhusa.

Sasa tufike Makumira. Chuo cha Theolojia kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Palikutana vijana kutoka kila pembe ya nchi: Wahaya, Wachaga, Wameru, Wasambaa, Wahehe, Wanyaturu na wengine, wote wakijiandaa kuwa wachungaji wa makanisa yaliyokuja kuungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika walimu wao alikuwapo Mchungaji Howard S. Olson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922, mtaalamu wa lugha aliyekuwa amefanya kazi kwanza kati ya Wanyaturu wa Singida na kuichunguza lugha yao. Olson aliona jambo ambalo wengi walikuwa wamelizoea kiasi cha kutoliona tena: Waafrika walikuwa wakimsifu Mungu kwa sauti za Ulaya karibu peke yake, ilhali sauti za mababu zao zilikuwa zikipotea pamoja na wazee waliozijua. Aliwahimiza wanafunzi walete sauti za kwao na kuzitungia maneno ya Kikristo.

Ikumbukwe kwamba jambo hilo halikuwa dogo. Kwa miaka mingi Wakristo walikuwa wamefundishwa kuihofia ngoma, na sauti ya ngoma kanisani ilikuwa kwa wengine sawa na kurudi nyuma. Waliokubali walihitaji ujasiri. Mwaka 1968 chuo kilitoa mkusanyo ulioitwa Tumshangilie Mungu, na kutoka katika jitihada hizo nyimbo zikaanza kusafiri.

Uliosafiri mbali kuliko zote ni Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka. Maneno yake yalitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, akiwa mwanafunzi Makumira. Sauti ni ya Kihaya, ya asili. Mwaka 1969 Ulrich S. Leupold, mwalimu wa theolojia huko Waterloo, Kanada, mzaliwa wa Berlin, aliutunga kwa Kijerumani, na leo ni wimbo wa 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Olson mwenyewe aliutafsiri kwa Kiingereza. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1977 katika kitabu Lead Us, Lord, kilichochapishwa na Augsburg huko Minneapolis. Asubuhi ya Pasaka wimbo huo huimbwa Arusha, Bukoba, Leipzig na Minnesota, na wengi wa waimbaji wa Ulaya hawajui hata Makumira iko upande gani wa dunia.

Je, wimbo huu bado una mwenyewe kisheria? Hauna jibu moja, kwa sababu ndani ya wimbo huu mmoja zimo kazi nne.

Kazi ya kwanza ni maneno ya Kiswahili. Watu hukosea kwa kuhesabu tangu mwaka wa kutungwa. Husema: 1966 hadi leo ni zaidi ya miaka 50, basi wimbo ni huru. Kumbe miaka 50 haianzii pale kalamu ilipowekwa chini. Inaanzia pale mtunzi alipofariki, na huhesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Hata kama mtunzi angalikufa mwaka uleule wa 1966, maneno yasingalikuwa huru kabla ya kwisha kwa mwaka 2016. Na kila mwaka aliojaliwa kuishi baada ya hapo unaisogeza mbele tarehe hiyo kwa mwaka mmoja. Kijana wa miaka 28 anapotunga wimbo, haki yake yaweza kuishi kwa urahisi zaidi ya karne moja. Kwa hiyo usharika unaotaka kuyachapa maneno hayo katika kitabu cha kuuzwa hauna budi kuomba ruhusa. Pa kuanzia ni chuo kilichotoa mkusanyo wa kwanza na makao makuu ya KKKT, ambayo kwa bahati njema yako hapa hapa mjini Arusha.

Kazi ya pili ni Kijerumani cha Leupold. Yeye alifariki mwaka 1970. Kwa hesabu ya Tanzania, miaka 50 iliisha na mwaka 2020. Kanada nayo ilikuwa ikihesabu miaka 50 mpaka mwishoni mwa 2022, ilipoongeza hadi 70 bila kuzirudisha kifungoni kazi zilizokwisha kuwa huru; huko pia maneno yake ni huru tangu Januari 2021. Lakini Ujerumani huhesabu miaka 70, hivyo katika nchi ambako maneno hayo yanaimbwa hasa, yamefungwa hadi mwisho wa mwaka 2040. Karatasi ileile ya wimbo, ikichapwa Usa River na ikichapwa Hamburg, inaangukia chini ya hesabu mbili tofauti. Tena uhuru wa tafsiri haufuti haki ya kazi iliyotafsiriwa. Kijerumani kikiwa huru, Kiswahili kilichokizaa bado kina mwenyewe, na tafsiri imejengwa juu yake kama nyumba juu ya msingi wa mtu.

Kazi ya tatu ni Kiingereza cha Olson, aliyefariki mwaka 2010. Kwa Tanzania hesabu itafika mwisho wa 2060. Marekani wana utaratibu wao: kazi iliyochapishwa mwaka 1977, kabla sheria yao mpya haijaanza kutumika, huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa, yaani hadi mwisho wa 2072. Sheria ya Marekani huruhusu wimbo kuimbwa ibadani bila malipo, lakini kuunakili kwa ajili ya washarika ni jambo jingine. Ndiyo maana wageni wa sharika rafiki kutoka huko huonekana wakisoma kwa makini maandishi madogo chini ya ukurasa, jambo linalowashangaza wenyeji wao.

Kazi ya nne ni sauti, na hapa mambo yanakuwa magumu kuliko yote. Ni sauti ya asili ya Kihaya. Vitabu vya ng'ambo huandika tu kwamba ni sauti ya Tanzania. Mtu wa Ulaya akisoma neno hilo huelewa kwamba haina mwenyewe, hivyo anaweza kuitumia apendavyo. Sheria yetu ya 1999 haisemi hivyo. Inayo sehemu nzima inayolinda sanaa za asili za jamii, na haikuweka idadi ya miaka ambayo ikipita ulinzi unakwisha. Matumizi ya kibiashara nje ya mazingira ya jadi yanahitaji kibali, na chimbuko la kazi linapaswa kutajwa. Hata hivyo sheria hiyohiyo huruhusu mtunzi kuazima kitu cha asili ili atunge kazi mpya ya kwake, na hicho ndicho walichokifanya wanafunzi wa Makumira. Kwa Ulaya na Marekani ulinzi wa namna hii hauna nguvu. Mali ya kabila zima huko huonekana kuwa si mali ya mtu.

Neno hilo «asili» linastahili kuangaliwa kwa jicho la tahadhari. Ni neno la heshima, maana linalikiri kabila lililoihifadhi sauti. Laweza pia kuwa pazia. Sauti yoyote ilianza kinywani mwa mtu mmoja, awe mwimbaji wa zeze katika ua wa mtemi au mama aliyebembeleza mtoto. Na nyimbo nyingi zilizoandikwa kuwa za asili katika vitabu vya nje zilikuwa na mtunzi aliyejulikana vizuri kijijini kwake. Ni mchapaji tu aliyeona shida kuuliza. Mfano wa kulinganisha ni Njoo kwetu, Roho mwema, wimbo mwingine uliotafsiriwa na Olson, ambao mtunzi wake, Wilson Niwagila, anatajwa kwa jina. Kwa kuwa jina liliandikwa, haki inafuatika. Laiti lisingaliandikwa, huenda nao ungaliitwa wimbo wa asili wa Tanzania, na hakuna ambaye angalibisha.

Nje ya kanisa mambo ya namna hii yamewaumiza watu. Kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma, nao ukaimbwa na Miriam Makeba na baadaye kundi la Boney M. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba ndiye aliyeutunga zamani zaidi, na Grant Charo naye akatajwa. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na ubishi haujaisha. Huko Afrika Kusini, Solomon Linda alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962, huku wimbo ukizunguka dunia kwa maneno mengine. Warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006, wakisaidiwa na kifungu cha ile sheria ya Kiingereza ya 1911 kilichowarudishia warithi haki miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Makumira haikupatwa na mkasa kama huo, kwa sababu moja rahisi: mtu fulani aliandika jina la mwanafunzi na mwaka, na waliotafsiri walilinakili.

Je, sharika zetu zimefanya hivyo? Hapa ukweli hauna budi kusemwa kwa upole. Tangu miaka ya 1980 kwaya za Arusha na Meru zimerekodi nyimbo nyingi kwenye kanda, kisha kwenye santuri za CD. Majalada yana picha ya kwaya mbele ya kanisa, jina la mwenyekiti, jina la mpiga kinanda, pengine na namba ya sanduku la posta. Jina la mtunzi mara nyingi halipo. Mwalimu wa kwaya aliyekesha akipanga sauti nne kwa nota za tonic sol-fa hujulikana kwa waimbaji wake tu, na akihamishwa kwenda usharika mwingine wimbo hubaki bila baba. Miaka 30 baadaye kamati nyingine inauliza kama wimbo ule ni wa kale, na hakuna wa kuwajibu. Ikumbukwe pia kwamba rekodi ina haki yake mbali na wimbo: kwaya inaweza kuimba korali ya Luther, ambayo ni huru, na bado kanda ile isiwe huru kunakiliwa na muuza kanda wa stendi.

Wanaosema kwamba mtunzi wa kanisa hapaswi kudai wana hoja, na watunzi wengi hawadai. Lakini kutodai ni zawadi ya mtunzi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Usharika unaoandika barua kumwomba mzee ruhusa ya kuchapa wimbo alioutunga ujanani kwa kawaida hupata ruhusa hiyo bila malipo, na pamoja nayo hupata habari ambazo hazimo katika daftari lolote: wimbo ulitungwa kwa ajili ya mazishi ya nani, sauti ilisikika wapi kwanza, ubeti gani uliachwa na kwa nini.

Kwa kitabu cha jubilei maandishi ya lazima chini ya wimbo ni machache. Jina la mtunzi wa maneno na mwaka. Jina la mtafsiri, kama yupo. Chimbuko la sauti, kwa kabila na mahali, si kwa nchi peke yake. Jina la aliyepanga sauti. Na aliyetoa ruhusa. Chini ya wimbo wa Kyamanywa mistari hiyo itasomeka: maneno, Bernard Kyamanywa, Makumira, 1966, sauti ya asili ya Kihaya, kwa ruhusa ya mwenye haki. Tarehe 1 Januari 2041 muda wa haki ya Leupold mwenyewe juu ya maneno yake ya Kijerumani utakuwa umekwisha huko Ujerumani. Maneno ya Kiswahili yataendelea kuhesabiwa kwa maisha ya mwanafunzi yule wa Makumira.